Boya Limekwama Wiki ya Harusi

Jumanne, 4 Juni
Gari la marehemu baba limemwaga petroli chini. Tena! Nimefungua kabureta mwenyewe. Tatizo ni boya: petroli ikijaa lipande, lizibe njia. Lenyewe limekwama chini tu, petroli inafurika. Nimegonga kabureta kwa mwiko wa mke wangu. Likaachia! Fundi wa nini?

Mpwa wangu anaolewa Jumamosi na anataka gari hilihili, alilopelekwa nalo shule na babu yake. Dada kasema nikishindwa, atapelekwa na baba yake mdogo. Huyo ana gari jipya na anavyosifia kiyoyozi chake, utadhani kakizaa. Namwita Kiyoyozi. Kuliko kushindwa naye, heri nimbebe bibi harusi mgongoni.

Jumatano, 5 Juni
Mke kauliza mbona mchuzi unanuka petroli. Nimesingizia vitunguu. Mwiko umefichwa.

Gasketi ya kabureta, ile karatasi ya kuziba maungio, ilichanika jana nikiifungua. Fundi wa kona kasema ataikata nyingine, kwa karatasi yake maalumu. Mimi mtoto? Nimechukua mkasi na kadi ya mwaliko wa harusi. Karatasi ngumu, ina nakshi za dhahabu. Gari linanguruma kwa adabu. Nani kama mimi!

Ijumaa, 7 Juni
Kiyoyozi kapita kuuliza, kwa upole, kama nitahitaji msaada kesho. Upole ule! Mke alipomkaribisha chai, nikaaga kwenda kunawa mikono. Nimelegeza valvu za matairi yake mawili, kidogo tu, upepo uishe taratibu usiku. Tahadhari.

Jumamosi, 8 Juni
Balaa! Katikati ya safari gari likazima, petroli ikachuruzika. Bibi harusi kiti cha nyuma, shela imejaa mpaka dirishani. Jasho likanitoka. Nikameza kiburi, nikampigia Kiyoyozi aje kutuokoa. Akalalamika kwamba matairi yake mawili hayana upepo, anakwenda harusini kwa miguu. Akasema watu ni wabaya sana. Nikakubaliana naye.

Nilipokata simu, mpwa wangu alikuwa ameshashuka. Kavua kiatu, kafungua boneti, kagonga kabureta kwa kisigino. Likawaka! Kasema eti hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kila asubuhi, babu alimwachia yeye tu agonge. Nilijifanya nakagua plagi, kumbe nalia.

Tukasimama na kugonga, tukasimama na kugonga, mpaka tukafika. Kisigino kimevunjika, bibi harusi anacheka. Kiyoyozi kaingia nyuma yetu, shati limelowa chapa. Furaha mbili siku moja.

Jumapili, 9 Juni
Nimesalimu amri, nimempelekea fundi. Kafungua, kavuta gasketi yangu. Imelowa, imevimba, imelikaba boya ubavuni. Neno “Mnakaribishwa” bado linasomeka. Fundi kacheka mpaka kakaa chini. Kaniomba nisiguse tena kitu, kesho ataleta karatasi maalumu. Nikamwahidi kwa unyenyekevu. Kweli nimejifunza.

Jioni jirani kaleta kadi ya harusi ya mwanawe. Nimeipindapinda. Nzito kuliko ile! Hii haiwezi kuvimba.

Mkasi uko wapi?