Raia Mmoja, Miili Miwili

Ndugu wananchi, taifa letu limevuka mto. Tangu Idara ya Uoanishaji iunganishe kitambulisho cha kidijitali na daftari la wapiga kura, hakuna tena mjanja wa kupiga kura mara mbili. Nasema haya kwa unyenyekevu, nikiwa Mkurugenzi Msaidizi wa Idara hiyo, mwenye ofisi yenye kiyoyozi kinachofanya kazi ukikizaba kofi. Fanikio letu kubwa kuliko yote ni la dada wawili mapacha, na ni haki yenu kujua yaliyotokea.

Mmoja ni fundi cherehani, ana kibanda karibu na stendi. Mwenzake ni mkunga hospitalini. Wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Mkunga alijiandikisha asubuhi alipotoka zamu. Fundi alipofika mchana na kuweka uso mbele ya kamera, mashine ikajibu kwamba mtu huyo ameshaandikishwa, akapumzike nyumbani.

Walikuja ofisini kwangu wamefuatana. Niliwaeleza kwa upole kwamba mfumo haukosei. Kama macho yangu yanaona watu wawili, basi tatizo ni la macho, nami nitayapeleka kwa daktari. Mkunga akauliza kama kodi nayo watalipa ya mtu mmoja. Nikamfafanulia kuwa kodi iko wizara nyingine, na huko mfumo unawaona wote wawili vizuri kabisa.

Muda wote huo fundi alikuwa anavuta uzi uliochomoza kwenye mkono wa gauni lake. Kisha akasema taratibu, "Mzee, mimi nimezaliwa dada yake. Sikuzaliwa kivuli chake."

Maneno yale yalinigusa sana, nikaunda kamati.

Kamati ilikaa, ikanywa chai, ikatoa waraka. Kina dada hao ni raia mmoja mwenye miili miwili, na miili yote ina hadhi sawa mbele ya sheria. Watapiga kura kwa zamu: uchaguzi huu mkunga, ujao fundi. Mheshimiwa mbunge wetu, ambaye ndiye mlezi wa Idara, aliusifu waraka huo mbele ya waandishi wa habari na kutia saini yake. Mtaa wa kina dada wale ulikuwa haumtaki hata kumsikia, na kila kura iliyopungua huko, kwake ilikuwa heri.

Nilisikia baadaye kwamba njiani mkunga alimwomba mwenzake yaishe. Kesho yake fundi alifunga kibanda, akaenda kuchukua fomu ya kugombea ubunge.

Mheshimiwa alicheka mpaka akapaliwa. Alipomaliza kukohoa akaleta pingamizi, kwamba nusu mtu hawezi kugombea. Ikanibidi nimsomee waraka: raia ni mmoja, mzima, na miili yote ni sawa. Saini ilikuwa ya nani? Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Kampeni zikaanza. Kanuni zinamtaka mgombea ajinadi mwenyewe, asitume mtu. Siku moja Mheshimiwa akanipigia simu, sauti imemkauka.

"Mwanamke huyu anahutubia sokoni, na saa hii hii anahutubia stendi. Hebu niambie, yuko wapi?"

"Yuko sokoni na stendi, Mheshimiwa. Hajatuma mtu."

Akakata simu. Mimi nikaendelea na kazi za taifa.

Wale dada hawakuwa na mabango wala magari ya matangazo. Lakini nusu ya mji ilivaa nguo zilizoshonwa na mmoja, na nusu nyingine ilipokelewa duniani na mikono ya mwenzake. Siku ya kura, zamu ikiwa ya mkunga, alikuja na dada yake, akamsukuma mbele kwa kiganja mgongoni. Mashine ikamkaribisha fundi kwa jina la mkunga. Fundi akapiga kura, akatoka anafuta macho kwa upindo wa khanga. Jioni Mheshimiwa alikuwa ameshaangushwa, tena vibaya, na mtu aliyemwita nusu.

Bungeni walikula kiapo kwa sauti moja. Wakapewa viti viwili bila mjadala, kwani wapo wabunge ambao kwa mwili mmoja tu kiti kimoja hakiwatoshi. Kisha wakaomba kuwekwa kwenye kamati inayozisimamia idara, na idara waliyoanza nayo ni yangu.

Siku hizi naitwa mbele yao mara kwa mara. Mmoja ananiuliza mashine zilinunuliwa vipi. Nikimgeukia kumjibu, wa pili ananiuliza aliyeziuza ni shemeji wa nani. Nimekonda. Juzi nikawaandikia kuomba likizo, nipumzishe kichwa.

Wamenijibu kwamba ombi langu limekubaliwa kwa nusu: mwili uende, kichwa kibaki kujibu maswali.