Matofali Chini ya Kiti

Jumatatu, 2 Juni 2025, Mabatini
Dada Rebeka wa mazoezi tiba kaja tena. Eti nichuchumae, nibebe vitu, nipande na kushuka. Mimi! Miezi michache tu tangu nipandikizwe uboho wa mifupa! Nikamweleza kwamba uboho wenyewe katoa mdogo wangu Tereza, kwa hiyo mazoezi ni haki ayafanye Tereza. Tereza akasonya. Rebeka akaweka sharti: Jumamosi nisimame kutoka kitini bila kushika popote, tena na tena. Nikishindwa, Jumapili sichezi ngoma. Nimejaribu. Magoti yamegoma. Nimeogopa, sifichi.

Jumanne, 3 Juni
Jirani yangu Luhaga, wa kundi la ngoma la Bagika, wapinzani wetu, anatangaza mtaa mzima kwamba sisi Bagalu mwaka huu tuna mchezaji wa kubebwa. Kubebwa! Lazima nicheze, hata wimbo mmoja. Nikawaza. Kitandani nainuka vizuri kwa sababu kitanda ni kirefu kwenda juu. Basi na kiti kirefuke! Nyuma ya nyumba kuna matofali.

Alhamisi, 5 Juni
Mpango unakwenda. Tereza akienda dukani nabeba matofali, nachuchumaa, nayapanga chini ya miguu ya kiti. Nakaa, nasimama kama waziri. Akikaribia kurudi, nayatoa. Asubuhi na jioni, ili nizoee. Jasho! Rebeka kapiga simu kuuliza mazoezi. Nikamwambia sina nguvu za mambo hayo.

Jumamosi, 7 Juni
Balaa. Rebeka kayaona matofali. Kaomba kigoda cha marehemu baba. Kile kifupi! Nikakaa, nikiona kabisa akilini Luhaga anavyonicheka. Nikasimama. Nikakaa, nikasimama tena. Na tena! Tereza akapiga vigelegele, halafu akalia. Nami nikalia. Rebeka akasema, "Mzee Mashimba, kubeba na kuchuchumaa ndiyo mazoezi uliyoyakataa." Sikumwelewa. Karuhusu wimbo mmoja, mbali na msongamano.

Jumapili, 8 Juni
Nimecheza! Pembeni, barakoa usoni, lakini nimecheza. Furaha sijui niiweke wapi. Luhaga mwenyewe kapiga makofi. Tereza anadai miguu ile ni yake. Namwacha aseme. Siri ni matofali, bila hayo ningeumbuka.

Rebeka anasema wiki ijayo nitapanda ngazi za mawe za kwenda kwake Venant, fundi wetu wa ujenzi, kule juu mlimani. Thubutu! Nimeshampigia Venant azipunguze urefu, aongeze vidaraja vya mawe katikati. Kakubali, ila hana mtu wa kumpandishia mawe. Nimemwambia nitapandisha mwenyewe, kila alfajiri, Rebeka asijue.