Malalamiko ya Baba Aliyeandikwa Bapa

Kwa Mwalimu wa Fasihi,

Natumai darasa halijambo. Mimi ni fundi cherehani, baba wa yule binti aliyeandika insha kuhusu watu wa nyumbani kwao, ukampa alama nzuri. Alitusomea mezani. Tangu hapo nyumba haikaliki, na kwa heshima zote nalalamika kama ifuatavyo:

1. Ameandika kwamba mimi ni mhusika bapa. Mwalimu, kitu bapa nakijua, ndicho ninachopigia pasi. Nimejizungushia utepe wa kupimia mbele ya mashahidi, ukaisha kabla ncha hazijakutana. Mlangoni tumbo hutangulia, mimi nafuata.

2. Mama yake, anayepita kati ya kabati na ukuta bila kujipinda, ameandikwa duara. Amenuna. Chai ananiwekea mezani kama anayegonga muhuri.

3. Shemeji yangu ni mhusika foili, eti yupo ili tabia za wenzake zionekane. Yeye kafurahi, kwa kuwa foili, ile karatasi ya kufungia chakula, hung'aa. Mtu huyu alikuja kutusalimia mwaka juzi na bado anatusalimia.

4. Binti ametueleza kwamba si mambo ya maumbo. Duara ni mtu anayebadilika. Bapa ni yule ambaye tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho ni yuleyule. Hapo ndipo iliponiuma kweli. Niliacha sukari, nikairudia. Siku binti alipoanza shule nilihamisha cherehani kutoka dirishani hadi mlangoni. Hayo si mabadiliko?

Kwa hiyo naomba insha iandikwe upya. Mimi niwe duara, mke wangu awe bapa, na shemeji asafiri katika sura ya pili asionekane tena. Ikishindikana, nitakuja na utepe nikupime wewe mbele ya wanafunzi.

Nisalimie mwalimu mkuu, walimu wenzako, na mlinzi wa geti, ambaye sijui mmemweka kundi gani.

Wako katika kazi ya vipimo,
Fundi

Tanbihi: Nilipompa binti barua hii akuletee, aliuliza ina nini, nikamwambia. Akasema aliniandika bapa kwa sababu kila akirudi, hata siku aliyofeli hesabu, ananikuta palepale mlangoni na uso uleule, na hataki hilo libadilike. Mwalimu, insha ibaki ilivyo. Cherehani haihami tena. Ila lile la shemeji naomba ulifikirie.