Malalamiko Kuhusu Mstari Wangu wa Mtu Mmoja

Uthman Sadik,
Fundi wa Pikipiki,
Mtaa wa Bugolo, upande wa Luzira,
Kampala.

Kwa Afande Okwir (mstaafu),
Msimamizi wa Uchaguzi, Kamati ya Mtaa.

Mheshimiwa Afande,

YAH: KUDHALILISHWA KWA MSTARI WA TATU

Natumaini umeshapumzika baada ya kazi ya Jumapili. Mimi sijapumzika. Nina hasira, Afande, na nitaieleza kwa heshima mpaka heshima yenyewe iishe.

Unajua niligombea uenyekiti kwa sababu moja tu: mtaro. Mvua ikinyesha, maji machafu yanaingia chumbani kwa Mama Anena, mjane wa askari mwenzako wa magereza, mpaka kitanda amekipandisha juu ya matofali. Mheshimiwa Ogwal wa kundi la Ngazi, mwenyekiti wetu wa miaka nenda miaka rudi, anasema wapinzani wake wa kundi la Kengele ndio walioziba mtaro. Siraje, mgombea wa Kengele, anasema Ngazi ndio waliouchimba vibaya. Wao wanabishana, yule mama anachota maji kwa sufuria. Nikasema hapana, lazima awepo mtu wa tatu. Sasa sikia yaliyompata huyo wa tatu.

1. Utaratibu wetu unajulikana. Kila mgombea anatoa picha yake, watu wanapanga mstari mbele ya picha wanayoitaka, wewe unahesabu vichwa. Picha za wenzangu ukazitundika ukutani, kivulini. Yangu ukaitundika kwenye mlango wa choo! Choo cha mtaa, Afande! Kila aliyeisogelea nilimshukuru moyoni, kumbe ana haja zake.

2. Mama Anena alisimama kwenye mstari wangu peke yake, jua la utosi, leso kichwani, tangu mwanzo hadi mwisho. Msaidizi wako akamwuliza kama huko ndani kuna mtu. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mama wa watu hakutikisika. Wallahi roho iliniuma. Naomba siku nyingine mstari wa mtu mmoja upewe kiti, maji ya kunywa, na mtu wa kuzungumza naye.

3. Wiki nzima kabla ya uchaguzi watu walikuwa wakipita kwangu gereji kunishika mkono. Kila mmoja aliniambia mimi ndiye mwenye akili, tatizo siwezi kupita. Huyu angenipa kura kama wenzake wangenipa. Wenzake nao wanasema vivyo hivyo, tena kwa sauti ya msiba! Nadai watu wote wa namna hii wahesabiwe upande wangu. Wakihesabiwa, nimeshinda.

4. Sheria ibadilishwe. Mpiga kura asimame kwanza kwa yule anayempenda. Mstari mfupi ukivunjwa, waliokuwamo waende kwa chaguo lao la pili. Najua utasema watu wetu mstari ukivunjwa wanakwenda zao kunywa chai. Basi kila mtu avue kandambili moja aiache kwenye mstari wake wa pili. Mwili huku, kandambili kule. Atakayeiba kandambili atakuwa ameiba kura, na gereza tunalo hapa hapa jirani.

5. Hilo likishindikana, mistari ya Kengele na Ngazi isifunguliwe mpaka wa tatu ufikishe watu ishirini. Na hilo nalo likishindikana, iwe marufuku kabisa kupiga kura kwa woga. Ndiyo, woga! Mtaa mzima unamchagua mtu wasiyemtaka ili asipite wasiyemtaka zaidi, halafu mvua ikija wanashika vichwa. Aibu gani hii? Mtu mzima, mwenye ndevu zake, anauacha moyo wake mlangoni pa choo na kwenda kujibanza kwenye mstari wa mtu mwingine. Wa namna hiyo ashikwe sikio, arudishwe nyumbani akajifikirie.

Nangoja jibu lako kabla mvua hazijachanganya, maana mbingu upande wa ziwa zimeshaanza kunuka maji. Nisalimie Mama Juliet na wote hapo nyumbani, wasalimie wasimamizi wenzako, na salamu ziwafikie watu wa Kengele na wa Ngazi, hata walionicheka.

Wako katika mstari wa tatu,

Uthman Sadik

N.B. Afande, ile picha ya uchaguzi iliyotumwa kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, tafadhali waambie waifute. Ni kweli, yule wa kofia ya kijivu mwishoni mwa mstari wa Siraje ni mimi. Ulitaka nifanyeje? Ogwal alikuwa anakaribia kupita, na Siraje, ingawa mtaro hana habari nao, angalau anaitikia salamu. Ningesimama kwangu tungekuwa wawili tu, kura imepotea bure. Mama Anena hana simu kubwa, hajaiona. Akija kukuuliza mimi nilisimama wapi, mwambie kura ni siri.