Wakala wa Nyambizi wa Ibra

Jumamosi, 1 Machi 1997. Ibra.

Nimeamua. Nitakuwa wakala wa nyambizi.

Fikra imenijia dukani, nikikata pazia la mke wa mwalimu mkuu. (Nimelikata fupi. Akili ilikuwa chini ya bahari.) Redio ilisema majirani wa ng'ambo wamenunua nyambizi kwa Warusi, na nchi za upande huu sasa zinajiuliza. Zinunue nyambizi na wao? Au makombora ya kulinda anga? Na kwa nani? Nikaweka mkasi chini. Mgeni hauzi kitu nchi hii ya Kiarabu bila wakala mwenyeji. Mwenyeji ni mimi!

Nimemwambia Fawziya, mke wangu. Akanikumbusha kwamba Ibra haina bahari. Nikamwambia hiyo ndiyo siri yenyewe, nani atashuku? Akanikumbusha na jingine: Alhamisi watu wa Nizwa wanakuja kumposa Maram, na ukuta wa majlisi, chumba chetu cha wageni, bado haujapakwa rangi.

Najua. Binti yetu ni huyu mmoja tu. Anasomesha Kiingereza skuli ya wasichana. Kijana anaitwa Azzan, mhandisi wa maji, na Maram anamtaka. Hasemi, lakini wiki nzima anaimba jikoni. Baba yake Azzan, Bwana Khalaf, ni mstaafu mwenye shamba Manah. Mtu mkimya, mama yake mzaliwa wa Wete, kwa hivyo Kiswahili anacho. Fikiri sasa: mtu wa mitende anakuja kuposa, anamkuta baba wa binti ni wakala wa nyambizi. Atakaa kitako kwa mshangao.

Naitaka posa hii iende vizuri kuliko ninavyozitaka nyambizi. Karibu sawasawa.

Jumapili, 2 Machi

Nimempata! Siku ya pili tu ya kazi!

Nilikuwa natoka kupeleka mapazia. Nje kidogo ya mji, juu ya kilima cheusi, nikamwona Mzungu mrefu mwekundu. Ana ramani kubwa. Ana dira. Ana nyundo. Anagonga, anaandika, anatazama mbali. Nikasimamisha gari nikamwamkia kwa Kiingereza changu cha utotoni Unguja, ambacho bado kizima ila kimekaa sana sandukuni. Anaitwa Bwana Anders. Anatoka Swidini.

Swidini! Niliwahi kusoma gazeti kwa kinyozi: Waswidi wanaunda nyambizi zao wenyewe. Mtu huyu amekuja kupima mahali pa kuziweka.

Alisema kiyoyozi cha hoteli yake kimekufa na hakulala. Nikamwambia nyumba yangu ni nyumba yake. Amekuja na begi, na masanduku mazito kama ya risasi. Sikuuliza. Marehemu baba alitufundisha: mgeni haulizwi kilichomleta mpaka zipite siku tatu, na siku ya kufika haihesabiwi. Kwa hivyo naweza kumuuliza Alhamisi. Mbele ya Bwana Khalaf! Mambo yanajipanga yenyewe.

Maram alizungumza naye kidogo barazani, kisha akanifuata kutaka kuniambia yule bwana ni nani. Nikamkatiza. Nikamwambia ni aibu kumchungulia mgeni. Watoto wa siku hizi wamesoma lakini adabu za kizamani hawana.

Jumatatu, 3 Machi

Ishak ameshajua. Balaa.

Ishak na mimi tumeoa dada wawili. Yeye mzaliwa wa Tabora, fundi wa viyoyozi, na kila nilicho nacho yeye anacho kikubwa zaidi. Hoteli ilimwita kutengeneza kiyoyozi, karani akamwambia Mswidi amehamia kwangu. Jioni hiyo hiyo kaja na sinia ya sambusa, eti kumsalimu shemeji yake Fawziya. Macho yote kwa mgeni.

Alinivuta uani akasema hii ni bizinesi kubwa na mimi siiwezi. Anadai Mzungu apandaye vilima hapimi bahari, anapima anga. Makombora! Waswidi wanayaunda na hayo pia, yeye kaona kwenye video. Nikamwambia nyambizi ndiyo heshima ya nchi, adui haioni. Akasema kitu kisichoonekana huwezi kukipitisha kwenye gwaride. Nikamwambia makombora yanakaa tu yakingoja. Akaniuliza nyambizi inafanya nini. Nikamwambia sambusa zinapoa.

Ndani, mgeni alikuwa bado anakunywa kahawa. Hakuna aliyemwambia kwamba ukitosheka unatikisa kikombe, na mimi siwezi kuacha kummiminia anayekitoa mbele. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Ishak kanong'ona kwamba huo ni uzito wa siri anazozibeba.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimefunga duka nikampeleka mgeni vilimani. Maram hakuwa na vipindi, akaja kututafsiria. Ishak akatufuata nyuma na gari lake la mafundi. Hakualikwa.

Juu kabisa, Bwana Anders akagonga jiwe, akalishika mkononi kama mtu aliyeshika yai, akasema maneno marefu. Maram akatafsiri: mlima huu wote zamani ulikuwa chini ya bahari. Hapa tuliposimama ndipo penyewe, sakafu ya bahari, imenyanyuliwa juu.

Ilinibidi nikae. Sakafu ya bahari, Ibra! Kumbe ndiyo maana hakwenda pwani, Sur wala Ras al Hadd! Maram akasema, baba, huyu bwana kazi yake ni... Nikamwambia hasha, bado siku mbili.

Kisha mgeni akatazama juu kwa muda mrefu. Lilikuwa wingu tu. Ishak akaniminya bega kwa furaha mpaka nikaumia.

Jumatano, 5 Machi

Hatari. Asubuhi mgeni kasema anaondoka leo, anakwenda bonde la Wadi Bani Khalid. Leo! Na posa kesho!

Nimeficha nyundo yake.

Sijivunii. Lakini mtu hawezi kuondoka bila nyundo yake. Ameitafuta mpaka adhuhuri, nami nikamsaidia kuitafuta, kwa bidii. Mwisho akasema atakaa siku moja zaidi. Nikamwalika chakula cha kesho. Nyundo iko chini ya takia la majlisi, pahala pa heshima, ambapo hakuna atakayethubutu kupekua.

Fawziya alikuwa souq, soko la wanawake, tangu asubuhi. Karudi na vitambaa, udi na ndimu, akaukuta ukuta wa majlisi nimeupaka buluu. Buluu ya bahari, mpaka nusu. Nilitaka wageni waingie katika hali ya bahari. Aliutazama, akaenda jikoni, akarudi, akautazama tena. Akasema Alhamisi moja tu anayoniomba katika maisha yangu, nisiiharibu. Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Heri ingekuwa ya ugomvi.

Maram amepitisha mkono ukutani, rangi mbichi ikamshika vidoleni. Aliendelea kuimba, lakini polepole.

Alhamisi, 6 Machi

Nitaandika kama yalivyotokea.

Wamefika kabla ya adhuhuri. Bwana Khalaf, kanzu nyeupe, fimbo nyembamba. Azzan nyuma yake, jasho mpaka kilembani. Nikamketisha Bwana Khalaf pahala pa heshima. Akakaa, akanyanyuka. Akakaa tena kwa upande. Mtu mstaarabu, akanitabasamia.

Mimi nikamkalisha Mswidi kuliani kwangu. Ishak akaingia na koti. Koti, kwenye joto hili! Kabla pilau haijafika alikuwa ameshaanza: nchi yenye akili inalinda anga kwanza. Nikamjibu kwa upole. Akanijibu bila upole. Nikasema ukinunua kwa Mwingereza, Mfaransa ananuna. Ukinunua kwa Mfaransa, Mwingereza anakukumbusha alivyokulea. Lakini Mswidi hana ugomvi na mtu. Ishak akasema kuhusu Mswidi tumekubaliana, tunabishana juu ya juu na chini tu. Nikapiga takia. Azzan alikuwa anaitazama sahani yake kama mtu anayesoma.

Nikaona wakati umefika. Siku tatu zimepita. Nikamgeukia mgeni mbele ya wote, nikamwomba kwa heshima atuambie, sasa, ameiletea nchi yetu kitu gani.

Bwana Anders akafuta mdomo. Akasema ni mwalimu wa chuo kikuu. Anasoma mawe. Masanduku yale ni mawe. Kisha akasema kwa masikitiko kwamba hawezi kufanya kazi kwa sababu nyundo yake imepotea.

Bwana Khalaf akaingiza mkono chini ya takia, akaitoa.

Nilicheka kidogo. Hakuna aliyenifuata.

Bwana Khalaf akampa Mswidi nyundo yake kwa mikono miwili, akainuka. Akaniambia:

"Bwana Zakariya, mimi nimekuja kuposa. Sikuja kununua silaha."

Wakaondoka. Haluwa haikuguswa. Fatiha haikusomwa. Azzan aligeuka mlangoni mara moja, akatazama upande wa jikoni, kisha akamfuata baba yake.

Ijumaa, 7 Machi

Jikoni hakuna wimbo.

Fawziya anazungumza nami kwa njia ya vyombo. Mswidi ameaga alfajiri, ametushukuru sote, ametuachia jiwe. Maram alikuwa anakunja vile vitambaa vipya na kuvirudisha kwenye mfuko wake. Nikamwambia mwanangu, mimi nilidhani... Akasema bila kunitazama:

"Baba, nilimuuliza siku ile ile aliyofika. Nilikuja kukwambia. Mara ngapi nilikuja kukwambia?"

Nilitoka nje nikasimama karibu na gari. Sikuwa na pa kwenda. Nilijisikia mtu wa hovyo, na wala si jambo ninalolisikia mara kwa mara. Ishak akatokea, bila koti, na uso wa mtu aliyekwisha kusemwa na mkewe. Tukatazamana. Tukapanda gari lake la mafundi tukaenda Manah, katikati ya mabomba na feni, tukisimama Nizwa kuswali Ijumaa tu, tena dakika ya mwisho.

Bwana Khalaf alitupokea vizuri mno. Tende, kahawa, machungwa. Hakutuuliza tumefuata nini. Nami nilikuwa nangoja aulize! Mwenyeji haulizi, mgeni anaona haya kuanza. Tukazungumza habari za mvua. Tukazungumza habari za mitende. Ishak akamtengenezea kiyoyozi ambacho hakikuwa kibovu. Alasiri ikaingia, tumeshamaliza mvua zote za tangu mwaka wa themanini, nikaona mzee huyu atatuweka siku tatu na posa itaozea hapa.

Nikasema tu. Nikasema nyundo niliificha mimi. Nikasema kosa ni langu na la Ishak kidogo, binti hana lake, na nyumbani kwangu leo haimbi. Sikupanga hivyo.

Bwana Khalaf akaninyooshea bilauri ya maji. Ndipo akasema alikuwa mtunza bohari jeshini, umri wake wote. Mitambo ilikuja ya nchi tatu, na spana za nchi ya nne. Siku ya kununua kulikuwa na wakubwa, picha na mikono ya kupeana. Miaka iliyofuata ilikuwa yeye peke yake, anatafuta skrubu. Hata leo akisikia watu wanabishana wanunue hiki au kile, chakula hakimpiti.

"Binti sina neno naye," akasema. "Mwanangu amemchagua, na amechagua vizuri. Ninaogopa kukaa na wewe miaka thelathini."

Ishak akasema kwamba yeye ameshakaa na mimi ishirini na bado anakula vizuri. Sijawahi kumpenda kama dakika ile.

Bwana Khalaf akaweka sharti moja, akanipa mkono mbele ya Ishak na mbele ya ndugu zake mwenyewe wawili walioitwa: nisitamke tena nyambizi wala makombora, kwake wala kwangu, mpaka Mungu atuchukue. Nikaahidi. Akanyanyua mikono. Tukasoma Fatiha pale pale, na machozi yalinitoka, nayo yakamtoka Ishak, ambaye alisema ni vumbi la feni.

Nilimpigia Fawziya simu kutoka Nizwa. Aliita, Maram! Kisha nikasikia kishindo cha sufuria, na baada ya hapo sikusikia tena simu, nilisikia vigelegele.

Jumamosi, 8 Machi

Nyumba imechangamka. Majirani wanaingia na kutoka. Maram amenibusu mkono, akanibusu na kichwa, akasema ukuta wa buluu usipakwe tena, ameuzoea. Harusi baada ya mtihani wa skuli. Atahamia Manah, katika nyumba ya nyuma ya shamba. Nimeingia dukani nikafunga mlango nikakaa kidogo na mapazia. Nitamkatia ya vyumba vyote kwa mkono wangu, na marefu.

Ahadi ni ahadi. Leo kutwa sijatamka nyambizi. Sijatamka makombora. Ishak kapita, tukazungumza kiungwana habari za pilau ya harusi.

Ila nimemwambia jambo moja dogo, baina yetu. Jana, nikienda kutawadha, nilipanda juu ya paa la Bwana Khalaf. Tambarare yote ya Manah iko mbele yako. Hakuna mlima karibu, hakuna jengo, unamwona ndege tangu anapoanza kufikiria kuja. Ishak akauliza kama nguzo ya paa ni ya saruji.

Ni ya saruji. Niliigonga.

Tumelipitia sharti neno kwa neno, mara mbili, na ndugu wawili wa Bwana Khalaf ni mashahidi. Rada haikutajwa.