Kuhusu Sini ya Nyuzi Sabini na Tano na Posa Yangu

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Mimi ni mjane, na binti yangu anasoma kwako. Kwa heshima, na kwa shaka kidogo kama nina haki, naomba mwalimu wa hisabati azuiwe kufundisha jumla za pembe hadi nitakapoolewa. Sababu zangu ni hizi:

1. Binti alitakiwa kutafuta sini ya nyuzi sabini na tano. Kikokotoo kilitoa 0.9659, mwalimu akaikata kwa wino mwekundu, akaandika: "Hiyo ni takribani. Tafuta thamani kamili." Ikabidi pembe igawanywe kuwa arobaini na tano na thelathini, ambazo thamani zake zinajulikana, ndipo likapatikana jibu: kipeuo cha pili cha sita jumlisha kipeuo cha pili cha mbili, vyote vigawanywe kwa nne. Jibu silikatai. Ninacholalamikia ni yaliyofuata.

2. Fundi saa wa mtaani kwetu, ambaye ni mgane, ameniposa. Nilimweleza binti kuwa hesabu ni nyepesi: nyumba yake jumlisha yetu. Akanijibu, kwa adabu inayoudhi, kwamba sini ya jumla si jumla ya sini. Sini ya kila pembe huzidishwa kwanza kwa kitu cha mwenzake, yaani kosini yake. Sisi tutachukua nini cha Fundi, akauliza. Nilikwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

3. Aliniuliza kama nampenda. Nikasema, takribani. Alivyonitazama, nilijiona nimekatwa kwa wino mwekundu.

4. Nilimshitaki kwa Fundi, nikidhani mtu mzima humwelewa mtu mzima. Fundi akaomba naye afundishwe. Sasa wanakaa barazani wakivunja mia moja na tano kuwa sitini na arobaini na tano, na posa imesimama hadi nitoe thamani kamili.

Huenda nimekosea mahali. Lakini kama mwalimu hazuiliki, basi shule initafutie mume anayeridhika na desimali mbili.

Nisalimie walimu wote, mtunza maktaba na mpishi. Hata wa hisabati, kwa kiasi.

Wako katika kutafuta ufumbuzi,
Mama wa mwanafunzi wako

N.B. Kabla sijafunga bahasha nililigawa swali. Thamani ya upweke wangu naijua. Furaha ya kusikia hatua za Fundi mlangoni naijua pia. Nilipozidisha na kujumlisha nilipata ndiyo, ingawa ndani kimebaki kipeuo kisichofunguka: marehemu mume wangu. Nilimwonyesha Fundi. Amesema jibu kamili huachwa hivyo hivyo. Tafadhali usimzuie mwalimu. Harusi ni Jumamosi, na tunaomba aje.