Mwenye Jiwe Ndiye Mwenye Mji

Bango lilikuwa na nafasi tupu, na Diploma hakuwahi kupita karibu na nafasi tupu bila kusimama.

Alikuwa amekaa bandani kwa mama yake mdogo, anakunywa chai ambayo hakuwa na nia ya kuilipia, akamwona mchora vibao juu ya ngazi kwenye lango la magofu. Jamaa alikuwa anapaka upya lile bango kubwa. MJI HUU WA KALE ULIJENGWA NA MABABU WA, akaandika, kisha akaacha nafasi ya hatua mbili, akaweka nukta, akaanza kuosha brashi.

"Fundi, mababu wa nani?"

"Hawajaniambia. Mwaka wa kumi na moja huu. Napaka, naacha nafasi, nakwenda zangu."

"Na nukta?"

"Nukta wamekubaliana."

Wasiokubaliana walikuwa Watu wa Juu na Watu wa Chini. Magofu yalikaa juu ya mpaka wenyewe, nusu huku nusu kule, kama mtu aliyelala kitanda cha kuazima. Watu wa Juu walisema mji ni wao, maana uko juu. Watu wa Chini walisema ni wao, maana mawe yote yalitoka mtoni, na mto uko chini. Kila upande ulikuwa na kamati, kila kamati ilikuwa na mwenyekiti, na kila mwenyekiti alijua kwa uhakika kwamba mababu wa mwenzake walikuja pale kuomba maji wakakataa kuondoka. Ndoa zilikuwa zimevunjika kwa habari hiyo. Kulikuwa na mechi moja ya mpira iliyochezwa na marefa watatu, na bado haikuisha. Maana atakayeandikwa kwenye bango ndiye atakayeshika lango, na lango lina viingilio.

Diploma aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa nayo. Shule aliiacha darasa la sita, kupitia dirishani. Tangu hapo alikuwa daktari wa meno katika mji mmoja, mpima viwanja katika mwingine, na kuna mahali aliuza tiketi za meli ambako hata mfereji hakuna. Alirudi kwa mama mdogo kila alipofukuzwa kwingine, na mama mdogo akamlisha, kwa sababu dada yake marehemu alimwachia kitu kimoja tu duniani, na kwa bahati mbaya kilikuwa ni hiki.

"Mbona unalikodolea macho bango?" mama mdogo akauliza.

"Nawaza, mama."

"Basi tuko hatarini."

Na kweli yeye alikuwa hatarini. Banda lake la chai na pilipili ya kusaga liliegemea ukuta wa magofu, na chini ya chupa ya chai aliweka barua mbili. Ya kamati ya Juu ilisema: *wewe mtu wa Chini, ondoka kwenye ukuta wetu.* Ya kamati ya Chini ilisema: *wewe mtu wa Juu, ondoka kwenye ukuta wetu.* Mama yake alitoka Juu, baba yake alitoka Chini, na katika miaka yake hamsini na mbili, kumfukuza ndilo jambo pekee ambalo kamati mbili zilifanya pamoja. Tarehe ilikuwa ileile, Jumamosi, siku ambayo Bwana Magofu, ofisa wa serikali wa mambo ya kale, atakuja kuamua nafasi ile ijazwe nini. Bwana Magofu alikaribia kustaafu na alitaka kufa bila kuisikia tena kesi hii.

"Wakiniondoa hapa sina pa kwenda," mama mdogo alisema, akisaga pilipili. "Na wewe huna pa kula."

Diploma alikuwa analitazama jiwe lake.

Lilikuwa jiwe la kusagia la kawaida, jeusi, lenye tumbo lililobonyea katikati kwa kusuguliwa miaka na miaka. Ukiliona usiku ukaambiwa ni la juzi, utabisha. Ukiambiwa ni la mababu, utalivulia kofia.

"Mama, jiwe lako limekuwa laini. Ngoja nikupelekee kwa fundi akalitie meno."

Mama mdogo akaacha kusaga. Akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama mbuzi aliyesema habari za asubuhi.

"Umekua, mwanangu," akasema taratibu. "Lichukue."

*

Mwenyekiti wa Juu alikuwa na duka la pikipiki. Diploma alimwendea na miwani isiyo na vioo.

"Mzee, mji unajulikana kwa jikoni. Mtu anaweza kuazima nyumba, anaweza kuazima hata mke. Jiwe la kusagia haliazimwi. Nimesoma kwamba la mwanzilishi wa mji limefukiwa pale, hatua saba kutoka langoni."

"Umesoma wapi?"

"Ng'ambo."

Jibu hilo halikuwahi kumwangusha.

"Na likitoka litasema nini?"

"Jiwe halisemi, Mzee. Nasema mimi."

"Na wewe utasema nini?"

Diploma akaangalia pikipiki zilizopangwa nje, zinang'aa kama meno ya bandia. "Inategemea nimefikaje. Nikifika kwa miguu nachoka. Nikichoka nachanganya juu na chini."

Mwenyekiti akampa ile nyekundu. Ufunguo siku hiyohiyo, kadi ya umiliki baada ya tamko la Jumamosi.

Mwenyekiti wa Chini alikuwa fundi wa suti, mtu mwembamba mwenye pini mdomoni, na alimsikiliza Diploma huku anampima kiuno bila kuulizwa.

"Mtaalamu gani huna suti?"

"Ndiyo maana wananidharau, Mzee. Mtu akidharauliwa anasema lolote."

Walielewana. Suruali leo, koti baada ya tamko. Na kila mwenyekiti, kwa siri, akamwomba Bwana Magofu achimbe hatua saba kutoka langoni.

Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na Diploma alikuwa amekaa katikati ya ngozi, analala. Mpango ulikuwa rahisi. Jiwe likitoka, pande zote mbili zitashangilia, kila upande ukidhani limetoka kwa ajili yake. Katika kelele ile kadi itaingia mfukoni, koti litaingia mgongoni, na yeye atakuwa na vyote alivyokosa maishani, usafiri na heshima. Kabla mtu hajauliza *kwa hiyo ni la nani?* atakuwa mji wa tatu, anaitwa Daktari.

Kuhusu mama mdogo, alikusudia kumwandikia barua nzuri.

Saa ile ya mchana mlinzi wa magofu alipokuwa amelala kwa mujibu wa ratiba yake, Diploma alilipaka jiwe majivu na makapi ya chai, akalifukia hatua saba kutoka langoni. Akajifuta mikono. Hakuna kilichobaki kufanywa, aliona, isipokuwa kuwa tajiri.

*

Jumamosi Watu wa Juu walisimama kushoto, Watu wa Chini kulia. Mchora vibao alikuwa tayari juu ya ngazi, brashi imelowa. Bwana Magofu alipanda kwenye jiwe la ngazi za zamani akafungua karatasi.

"Kabla ya kuchimba," akasema, "pande zote zitie saini. Sitaki rufaa. Nina miezi mitatu tu." Akasoma: "*Sisi sote tunakubali kwamba jiwe litakalotoka hapa leo ndilo ushahidi wa mwisho, na mwenye jiwe ndiye mwenye mji.*"

Diploma aliyaonea wivu maneno yale. Yalikuwa mafupi, mazito, na hayakuwa yake.

Wenyeviti walitia saini haraka, kila mmoja akimwonea huruma mwenzake. Mhuri ukalia. Sururu ikashuka mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu ikagonga.

"Jiwe!"

Kushoto walilipuka kwa vigelegele. Kulia walilipuka kwa vigelegele. Waliokuwa hawajasemeshana miaka kumi na moja walishangilia kwa sauti moja, na kama Bwana Magofu angeondoka dakika ile, pengine wangepatana. Mwenyekiti wa Juu alipita akiruka, akamtumbukizia Diploma kadi mfukoni. Mwenyekiti wa Chini alikuja na koti. Diploma akaingiza mkono wa kushoto. Mkono mmoja ulikuwa kwenye suti na mguu mmoja ulikuwa tayari njiani kuelekea kwenye pikipiki.

"Hodi," ikasema sauti nyuma yake.

Mama mdogo alikuwa amevaa aproni yake. Mkono mmoja alishika konzi ya pilipili kavu, mwingine alishika jiwe dogo la duara, saizi ya mkate.

"Samahani waheshimiwa. Hilo jiwe ni langu."

Watu walicheka, pande zote mbili, kwa usawa.

"Mama," akasema mwenyekiti wa Juu, "jiwe hili lina miaka mia nane."

"Mia tisa," akasema mwenyekiti wa Chini, kwa mazoea.

"Basi nimezeeka sana," akasema mama mdogo, akapiga magoti.

Hapo ndipo Diploma alipoacha kuutafuta mkono wa pili wa koti. Kwa maana kuna jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kusaga hata mara moja analijua, na yeye alikuwa amekula vya kusagwa maisha yake yote bila kugusa jiwe. Jiwe la kusagia ni mawili. Kuna mama, analala chini. Kuna mtoto, anashikwa mkononi. Yanasuguana miaka mpaka yanakuwa na umbo moja, na mtoto huyo hakai vizuri juu ya mama mwingine yeyote. Yeye alimchukua mama, akamwacha mtoto kwenye beseni.

Mama mdogo akaweka pilipili, akamweka mtoto juu ya mama yake, akasukuma. Jiwe likakaa kama ulimi mdomoni. Halikuyumba, halikuacha hata upenyo wa kupitisha unywele. Vumbi jekundu likapanda. Mwenyekiti wa Juu akapiga chafya, mwenyekiti wa Chini akapiga chafya, na Bwana Magofu akapiga chafya ya kiserikali, kwenye leso.

"Ligeuzeni," akasema mama mdogo. "Chini lina rangi ya buluu, nililitumia kuzuia mlango wakati naupaka. Tena linanukia chai yangu."

Wakaligeuza. Buluu ilikuwepo. Bwana Magofu akanusa, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekutana na rafiki.

Wenyeviti wawili walifungua midomo kwa pamoja, na kwa pamoja wakaifunga. Kusema jiwe ni la bandia ni kusema umejuaje. Mmoja alitazama pikipiki yake nyekundu chini ya mti. Mwingine alitazama suruali.

"Tumuulize mtaalamu," akasema Bwana Magofu. "Bwana Mtaalamu, jiwe hili ni la kale au si la kale?"

Diploma aliangalia kushoto, umati. Akaangalia kulia, umati. Akisema si la kale, atakufa kwa pande mbili, na maiti yake nayo itagombaniwa. Akamtazama mama yake mdogo. Yeye alikuwa anasaga tu, hana haraka.

"La kale," akasema. "La kale kabisa."

"Na mwenyewe ni huyu mama?"

"Jiwe... limekubali."

"Mama, wewe ni mtu wa Juu au wa Chini?"

Mama mdogo akatoa zile barua mbili ndani ya aproni, akampa. Bwana Magofu akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akaangalia saini za wenyeviti, zilezile za asubuhi.

"Kwa ushahidi wa kamati zenyewe," akasema, "huyu ni wa Chini kabisa na ni wa Juu kabisa. Mwenye jiwe ndiye mwenye mji." Akamgeukia mchora vibao. "Jaza."

"Nijaze nini?" mchora vibao akauliza, kwa hofu ya mtu anayepoteza kazi ya kila mwaka.

"Andika MAMA CHAI," akasema mama mdogo. "Nafasi inatosha."

Mwenyekiti wa Chini alikuwa mtu wa kwanza kuzinduka. Akalivuta koti lake kwa hasira, Diploma akalivuta kwa woga, na mshono wa bega ukatoa sauti ndogo ya aibu. Koti likaenda nyumbani. Mkono wa koti ukabaki kwa Diploma.

Alikimbilia pikipiki. Ilikuwepo. Alijipapasa mfukoni, ufunguo haukuwepo. Aligeuka akamkuta mama mdogo nyuma yake, ufunguo umefungwa kwenye upindo wa nguo yake, mkono umenyooshwa kuomba kadi.

"Tangu lini ulijua?"

"Tangu uliposema jiwe linakwenda kwa fundi. Fundi akitia meno hutia yote mawili, we mtoto. Mtu anayemchukua mama akamwacha mtoto hajapeleka jiwe popote." Akaichukua kadi. "Suruali yako niliipiga pasi mimi, ufunguo ukatoka. Wenyeviti wote wanakunywa chai kwangu, na wote wanaongea kwa sauti. Bwana Magofu naye huwa anakunywa vikombe viwili. Juzi alikuwa anatafuta maneno ya kuandika kwenye karatasi yake. Nikampa."

*

Jumatatu kamati zote mbili zilileta barua mpya. Ya Juu ilianza *kwa dada yetu mpendwa.* Ya Chini ilianza *kwa shangazi wa damu yetu.* Sasa wanagombania yeye ni wa nani, na anawaacha wagombane, maana wagomvi hukauka koo. Barua ziko chini ya chupa, pamoja na kadi. Pikipiki inabeba maji.

Na ukifika langoni, hatua saba mkono wa kulia, utamkuta kijana anasaga pilipili kwenye jiwe la mwanzilishi wa mji. Amevaa suruali ya suti na mkono mmoja wa koti. Mbele yake kuna kibao kidogo, USIGUSE, nacho ni kazi ya mchora vibao. Anasaga tangu lango linafunguliwa mpaka linafungwa, macho yanamtiririka, na wageni hupiga picha wakidhani analia kwa ajili ya mababu.

Juzi mgeni mmoja, mwenye kofia pana, alimwinamia akamchunguza kwa makini, kisha akamuuliza mama mdogo:

"Na huyu ni wa kabila gani?"

"Huyo?" Mama mdogo alimimina chai bila kugeuka. "Huyo ni wa kwangu. Saga, Diploma."